Dripu Sita na Mtemi wa Glavu Nyeupe

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa neno lile juzi, na tangu juzi hajui mikono yake aiweke wapi. Mimi niliambiwa Jumatatu moja mwishoni mwa kiangazi, na jibu nililompa daktari lilikuwa, "Sawa, na chai je, ninywe?" Mpaka leo sijui chai iliingiaje. Kwa hiyo kama na wewe ulijibu upuuzi, usijali, tuko wengi.

Mimi ni stesheni masta mstaafu. Nilikaa Urambo miaka mingi nikipeperusha bendera ya kijani na kuwafokea watu wanaoanika tumbaku karibu na reli, halafu nikastaafu, nikahamia Tabora mjini, mtaa wa Chemchem, mimi na mke wangu, Mama Suzana. Uvimbe ulianzia shingoni, chini ya sikio, mdogo kama punje ya karanga. Ulipofikia ukubwa wa yai la kanga, mke wangu, ambaye anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Moravian na hapendi kurudia maneno, aliniuliza, "Unaenda hospitali au nimwite mchungaji?" Nikaenda hospitali.

Saratani ya tezi, wakasema. Dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu, na dripu zenyewe ziko Mwanza. Treni ya Mwanza siku zake hazikupatana na siku za daktari, hivyo mimi, mtu wa reli tangu ujana, nikawa abiria wa basi. Hilo liliniuma karibu sawa na ugonjwa.

Mambo ya kitaalamu daktari wako atakueleza. Mimi nitakueleza habari za benchi. Benchi la kusubiri ndiko ugonjwa unakoishi hasa. Unalala mjini, unafika saa moja asubuhi, unapimwa damu, halafu unakaa kusubiri majibu yaseme kama una nguvu ya kutosha kutiwa sumu. Ukutani palikuwa na kabati, na ndani ya kabati mlikuwa na Biblia iliyonyofoka kitabu cha Mwanzo, kijitabu cha ufugaji wa samaki aina ya sato, na vitabu vinne vinene vya Kiingereza, vya hadithi moja inayoendelea, vilivyoachwa na mwanafunzi fulani wa kigeni aliyekuja kujitolea. Siku ya kwanza nilisoma habari za sato mpaka ningeweza kuchimba bwawa. Majibu yalikuwa hayajaja. Nikachukua cha kwanza cha vile vinene. Jalada lake lilikuwa na msichana mwenye gauni refu na glavu nyeupe mpaka viwikoni. Nilidhani nitasoma ukurasa mmoja, nicheke, nikirudishe.

Nikupe habari yenyewe kwa kifupi, maana ndiyo iliyonivusha. Ni Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita. Mfalme amerukwa na akili na mwanawe anakaimu. Hapo tu nilishanaswa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaimu miaka mitatu bila kuthibitishwa kazini, na najua moyo wa mtu anayekaimu. Sasa, katika Uingereza hiyo ya kubuni kuna uchawi mmoja: mtu akiwa mikono mitupu, hata mmoja tu, hawezi kusema uongo. Basi wakubwa wote wanavaa glavu kutwa, wanakula na glavu, wanacheza dansi na glavu, wanachumbiana na glavu. Akaja msichana mmoja asiye na kitu, Henrieta, ambaye glavu yake moja imepotea safarini. Naye akakutana na bwana mkubwa mmoja ambaye mkono wake haujawahi kuonekana tangu azaliwe. Cheo chake kwa Kiingereza ni dyuki. Nilipokuwa natafsiri nilimwita mtemi, watu wa kwetu waelewe.

Natafsiri kwa nani? Ndipo anapoingia Mama Kabula.

Alikuwa mama wa makamo, mfugaji kutoka kijiji kimoja nje ya Nzega. Titi lake la kushoto lilishakatwa, na dripu zake ziliangukia siku zilezile za kwangu. Siku ya dripu yangu ya kwanza, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunyesha, tulilazwa kwenye viti vya kuegemea, kila mtu na chupa yake juu. Mimi nikawa nacheka peke yangu na kitabu. Akanigeukia.

"Baba, samahani. Wenzako tunatiwa sumu hapa. Wewe unacheka nini?"

"Shikamoo ya huyu msichana," nikasema. "Amemsalimia mtemi kwa mkono usio na glavu. Mtemi akamuuliza, 'Umependezwa na nyumba yangu?' Akajibu, 'Hapana, ina baridi na inanuka mbwa.' Hakuweza kudanganya."

"Mtemi akasemaje?"

"Sijafika huko."

"Basi fika. Tena kwa sauti."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa nasoma kimoyomoyo Kiingereza changu cha shule ya viboko, kisha natoa Kiswahili. Kufikia dripu ya pili chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, akiwemo Sista Vero, muuguzi wetu, aliyejifanya anakagua mishipa yetu kila palipokaribia pazuri.

Wasikilizaji hawakuwa wapole. Nilipofika mahali baba wa msichana mmoja tajiri anahangaika kutafuta mali ya kumpa mwanamume atakayemwoa binti yake, Mama Kabula alinyoosha mkono wenye sindano kana kwamba anasimamisha basi.

"Rudia hapo. Nani anamlipa nani?"

"Baba wa msichana anampa mkwe."

"Anatoa binti, na ng'ombe juu?"

"Si ng'ombe, lakini ndiyo."

Chumba kikalipuka. Mzee mmoja wa Shinyanga alisema hiyo si ndoa, huo ni wizi wa kuaminiwa. Mama Kabula alikaa akitikisa kichwa mpaka chupa yake ikaisha. Kabla hatujaachana alinishika bega. "Masta, hao watu wana nyumba kubwa, lakini hawana wazee wa kuwashauri."

Mwili nao ulikuwa na simulizi yake. Chupa moja ya dripu ni nyekundu kabisa, na ukienda haja ndogo baadaye unatoa rangi ya juisi ya rozela. Mimi sikuambiwa. Nilitoka chooni, nikamwita Sista Vero pembeni nikamnong'oneza kwamba nimekwisha. Alinitazama akasema, "Mzee, hiyo ni dawa inaaga." Ulizia mambo haya mapema, utaokoa machozi. Na siku ya dripu usile chakula unachokipenda. Mimi nilikula matobolwa kwa karanga asubuhi ya dripu ya kwanza, chakula changu tangu utoto, viazi vikavu vilivyochemshwa vikalainika, na mpaka miezi mingi baadaye nikisikia harufu yake tumbo linapanda kooni. Kula kitu usichokijali. Wali wa hospitali unafaa sana kwa kazi hiyo.

Nywele ziliondoka baada ya wiki tatu, zote, mpaka nyusi. Mke wangu alisema nafanana na yai lililoshtuka. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Asali, hii asali yetu ambayo watu wanaifuata kutoka mbali, ilikuwa msumari mtamu.

Baada ya dripu ya pili nilipata homa. Nililala sebuleni mchana kutwa nikiweweseka, na nilipozinduka nilimkuta Mama Suzana amekaa kwenye kigoda, mikono kifuani.

"Henrieta ni nani?"

"Nani?"

"Umemwita mara nne. Umemwambia asivue. Asivue nini, Baba Suzana?"

Nina umri wa miaka sitini na minne, sina nywele, sina nyusi, siwezi kusimama bila kushika ukuta, na mke wangu ananituhumu kwa mwanamke. Nakiri nilijisikia vizuri kidogo. Nikamweleza habari za glavu. Alisikiliza kwa uso wa mzee wa kanisa anayehoji vijana wa kipaimara.

"Kwa hiyo ni kitabu cha uchawi."

"Ni uchawi wa kusema ukweli."

"Hm," akasema. Akaenda jikoni. Baada ya muda akarudi na uji. "Na huyo mtemi ameoa?"

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na wasikilizaji sehemu mbili. Kwake ilibidi nisimulie kila nilichosoma Mwanza, naye alinikosoa nikiruka. Lakini nisikudanganye kwamba nyumba ilikuwa kicheko tu. Ndugu walikuja kututazama, wakakaa, wakashusha sauti nilipopita, kama vile uvimbe una masikio. Shemeji yangu alileta chupa ya dawa ya mizizi na akanuna nilipokataa. Na mke wangu alianza kuwa mchangamfu kupita kiasi, jambo ambalo kwa mtu wa sauti ya pili si la kawaida. Siku moja aliyonisindikiza Mwanza, daktari alikuwa amembakiza ndani nilipotoka, na tangu hapo hakunieleza lolote.

Nilimkuta uani anaosha vyombo. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Mama Suzana, daktari alikuambia nini siku ile?"

Akaacha kusugua sufuria. Akaitazama mikono yake, mitupu, imejaa povu. Kisha akasimama taratibu, akachukua mifuko miwili ya plastiki iliyokuwa kwenye kamba, akaivaa mkono mmoja mmoja kama mke wa mtemi, akasema, "Alisema unaendelea vizuri sana."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Halafu mifuko ile ikiwa bado mikononi akaanza kulia, nami nikamvua, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Akaniambia. Daktari alikuwa amesema uvimbe haukupungua kama alivyotarajia, na kama dripu zilizobaki hazitafanya kazi, hana uhakika na nyingine. Niliogopa, lakini niliogopa pamoja naye, na hilo ni jepesi kuliko kuogopa kila mtu na chumba chake. Ukiniomba ushauri mmoja tu, ni huo. Muulize mwenzako akiwa anaosha vyombo.

Kitabu cha nne nilikimaliza kwenye dripu ya nne, mvua zikiwa zimekolea na uyoga umejaa sokoni. Kiliishia pabaya. Mtemi wa glavu nyeupe amesingiziwa uhaini, kaimu mfalme anamwamuru avue glavu mbele ya watu wote, Henrieta amesimama pale, mtemi anashika kidole cha kwanza cha glavu. Mwisho.

"Geuza ukurasa," Mama Kabula alisema.

"Umeisha."

"Haiwezekani."

Nilimpigia binti yetu Suzana, mwalimu Morogoro, anitafutie kitabu cha tano. Akanipigia kesho yake. "Baba, cha tano hakipo. Mwandishi bado anaandika."

"Anaandika nini muda wote huo? Mwambie kuna watu wanasubiri."

"Baba, yuko Uingereza."

Nilipompasha Mama Kabula habari hiyo kwa simu, alisonya. Alikata.

Baada ya hapo ndipo palipokuwa pabaya. Damu yangu ilishuka, dripu ya tano ikaahirishwa wiki moja, kisha nyingine, na ya Mama Kabula vilevile. Vidole vilikufa ganzi nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Nilipunguza uzito mpaka saa ya mkononi ikawa inafika kwenye kiwiko. Nilifika mahali nikawaza, bila kumwambia mtu, kwamba nne zinatosha. Asubuhi ya safari nilipanda basi kwa sababu tu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, na yeye hapishi njia kirahisi.

Basi lilipofika stendi ya Nzega, Mama Kabula hakuwepo. Siku zote alikuwa anasimama palepale kwenye duka la vyombo, na blanketi lake begani. Nikashuka, nikampigia.

"Masta, mimi siji," akasema. "Nimechoka. Nimekonda mpaka ng'ombe wananishangaa. Nikae tu hapa."

Nilimwangalia kondakta, nikaliangalia basi, na nikupe ukweli mtupu: nilifurahi. Nilikuwa nimepata mwenzangu wa kuacha naye dripu. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie, na mimi pia. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Kitabu cha tano kimefika."

Ndama akalia upande wa pili wa simu.

"Ulisema hakijaandikwa."

"Kimeandikwa. Suzana amekituma."

"Mtemi amevua?"

"Hayo si mambo ya kwenye simu."

"Masta, usinichezee."

"Mama Kabula, nipo stendi na kitabu mkononi." Mkononi nilikuwa na chupa ya maji.

Akavuta pumzi. "Kuna basi lingine saa nne. Waambie wasianze bila mimi."

Nilikaa kwenye basi lile mpaka Mwanza nikiwaza kuliko nilivyowahi kuwaza kazini. Kesho yake asubuhi nilipofika hospitali nilikwenda kabatini, nikachukua kile kijitabu cha sato, nikakifunika kwa karatasi ya gazeti.

"Mbona cha tano ni chembamba?" aliuliza, akiwa ameshatiwa sindano.

"Vya mwisho huwa hivyo. Mambo yamebaki machache."

Nikafungua ukurasa wa kulisha vifaranga vya samaki, nikaanza kusoma Uingereza.

Mtu husimulia anachokijua. Kabla mtemi hajavua glavu, nikamtorosha Henrieta kwenda kaskazini, na mtemi akamfuata kwa treni. Treni za abiria zilikuwa hazijakuwepo bado, nilikuja kukumbuka baadaye, lakini nilishampandisha daraja la kwanza. Akashuka kwenye stesheni ndogo katikati ya msitu. Hapo alikuwepo stesheni masta mmoja, mtu mzima, mwenye busara na sura nzuri, ambaye alijua mienendo ya kila abiria.

"Huyu stesheni masta mbona anasifiwa sana?" Sista Vero aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema, nikageuza ukurasa.

Nilikata mahali penye raha, makusudi, ili wote warudi baada ya wiki tatu. Mama Kabula alirudi. Na mimi nilirudi, maana ningemwachia nani ile treni?

Dripu ya sita ilinikuta sina mwisho. Nilikuwa nimefanya kila kitu isipokuwa kumvua mtemi glavu, na chumba kizima kilikuwa kinangoja hilo tu. Nikamsimamisha kwenye jukwaa la stesheni, Henrieta mbele yake. Akavua ya kulia. Akavua ya kushoto. Watu waliacha kukohoa. Sikuwa nimepanga atasema nini. Nilitazama mikono yangu kwenye kile kijitabu, kucha zimekuwa nyeusi, ngozi inabanduka, na nikasema, "Mtemi akasema: Ninaogopa."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa Shinyanga aliangalia dirishani. Mama Kabula, polepole, akasema, "Na mimi." Na mwingine kwenye kona akasema, "Na mimi."

Sista Vero ndiye aliyetuokoa. "Chupa ya kiti cha tatu imeisha zamani," alifoka, huku anajifuta macho, "na mtu amekaa anasikiliza hadithi tu!"

Kisha nikawaozesha, mtemi na Henrieta, kwa mahari ya ng'ombe arobaini iliyotoka kwa mwanamume, na watu wakapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja, ule usio na sindano.

Vipimo vilikuja mvua zikiwa zinakatika. Daktari alipitisha kidole kwenye picha mara mbili, akanigeukia akasema uvimbe hauonekani. Safari hii sikuuliza habari za chai. Mke wangu ndiye aliyesema asante kwa niaba ya nyumba. Nywele zimerudi, zimekuja laini kama za mtoto. Kila miezi mitatu narudi kupimwa, na wiki ya kupimwa huwa silali vizuri. Hilo halijaisha na sitakuahidi kwamba litaisha.

Mama Kabula naye alimaliza. Tulipigiana simu, tukasalimiana, tukapeana habari za ng'ombe na za magoti. Kiangazi kilipokolea, Suzana akaja likizo na kitabu cha tano. Cha kweli. Kinene kuliko vyote.

Nilitaka kukificha. Mke wangu akasema, "Mpelekee mwenyewe. Na usivae kitu mkononi."

Nilimkuta nje ya nyumba yake anakamua, kilemba kimekaa juu ya nywele zake fupi mpya. Aliponawa na kunikaribisha kiti, nikakiweka kitabu kwenye meza, nikaanza kuungama. Nikamwambia kile cha hospitali kilikuwa uongo wangu tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofungua nikaona picha ya sato. Mimi Kiingereza sisomi, Masta, lakini samaki namjua."

"Sasa mbona ulinyamaza? Na dripu ya sita ukaja?"

Akamimina maziwa kwenye vikombe viwili, chake na changu. "Siku ile ulinipigia kutoka stendi. Sauti yako haikuwa ya mtu anayekwenda Mwanza. Ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kushukia. Nikaona nisipokuja, na wewe huendi." Akanisogezea kikombe. "Kunywa. Ni ya sasa hivi."

Nikanywa. Hayakuwa na ladha ya msumari. Yalikuwa maziwa.

Nikasoma sura mbili za kwanza. Hakuna treni. Hakuna stesheni masta. Mtemi anavua glavu mbele ya kaimu mfalme na kutoa hotuba ndefu kuhusu heshima ya ukoo wake. Mama Kabula alivumilia mpaka katikati ya hotuba.

"Huyo mwandishi amekosea," akasema.

"Ndiye mwenye hadithi."

"Hata hivyo amekosea. Mtu aliyekaa na glavu maisha yake yote hawezi kuanza na ukoo." Akakichukua kitabu, akakipima uzito kwa mikono miwili, akaangalia kurasa zilizobaki, akanirudishia. "Lakini soma. Labda atajirekebisha mbele."

"Ni kinene, Mama Kabula. Hatutakimaliza leo, wala kesho."

Akavuta kigoda karibu, akanyoosha miguu.

"Kwani nani ana haraka?"